Picha ya rangi za mafuta ikigoma, geuza uangalie mgongo

Katikati ya masika kijana mmoja aliniletea picha aliyoifunga kwa gazeti. Mandhari ya Kigamboni: pantoni katikati ya maji, minazi kushoto, anga kubwa juu. Tulipolibandua gazeti, nusu ya ukurasa wa michezo ilibaki angani. Ukisogeza uso ungeweza kusoma matokeo ya ligi, kinyumenyume, juu ya wingu. "Nilijua imekauka, mzee," alisema kwa unyonge. "Ina miezi 3."

Nikamuuliza maswali ninayomuuliza kila anayeniletea picha mgonjwa. Umechora juu ya nini? Umezimulia nini? Ilikuwa inakaa wapi? La kwanza alilijibu vizuri. La pili likamnasa. Alikuwa anazimua rangi kwa mafuta ya alizeti, yaleyale ya Singida ambayo nyumbani kwao hukaangia chapati.

Haya nimeyaandika kwa ajili yake na wenzake, watu wa Dar wanaochora mandhari na vitu vya mezani kwa rangi za tyubu. Miongozo mingi tunayoisoma imetoka nchi za baridi, haikuambii ufanye nini chumba kinapotoa jasho kuliko wewe. Na karibu kila kasoro ninayoonyeshwa iko juu, lakini chanzo chake kiko chini: kwenye kitambaa, kwenye mkono wa kwanza wa rangi, kwenye kichupa cha mafuta. Kabla hujapaka kitu cha kuficha, geuza picha uangalie mgongo.

Hiyo ni rangi ya mafuta ipi?

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo au Buguruni ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya milango na madirisha. Muuzaji hajakosea, kwa lugha ya dukani ndiyo hiyo. Tena ina heshima yake katika mji huu: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kung'aa za jamii hiyo juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo wenye jina lake umeishi kwa rangi hizo mpaka leo. Inakauka upesi, inaacha mstari safi, inang'aa. Haifai kwa kazi ya kuchanganya taratibu anga la asubuhi juu ya kanvasi, maana inaanza kushika kabla hujamaliza kufikiri.

Shida huanzia pale mtu anapochanganya hizo mbili. Rangi ya tyubu iliyopakwa juu ya rangi ya mlango iliyokwisha kuwa ngumu na laini haina pa kushika. Baada ya muda inabanduka vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiona hivyo, usigundishe. Kwangua kilicholegea, piga msasa mpaka mng'ao uondoke wote, kisha anza upya.

Haikauki, au juu imekauka na chini bado

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Nguo inapoteza maji. Mafuta ya kitani, yanayouzwa kwa jina la linsidi, hayana maji ya kupoteza: yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Ndiyo maana feni husaidia na kabati huua. Mwanga husaidia, giza huchelewesha. Joto la Dar liko upande wetu, unyevu wa masika uko upande wa pili.

Mafuta ya alizeti ya jikoni hukauka nusunusu, na mengine hayakauki kabisa. Mawese ndiyo usiyaguse. Mafuta ya taa nayo ni janga la kimyakimya: yanalainisha rangi vizuri, ni rahisi, yanapatikana kila duka, lakini yanachelewa kuruka na yanaacha uzito wake ndani ya rangi. Picha iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa utaitambua kwa pua. Sogeza pua nyuma ya kanvasi, siyo mbele.

Sasa, kabla ya kulaumu mafuta, pitisha ukucha taratibu sehemu tofauti za picha. Rangi hazikauki kwa mwendo mmoja. Kahawia za udongo, hasa ile iitwayo umba, hukauka mapema kwa sababu zina manganizi inayoharakisha kazi. Mkono mwembamba unaweza kushika kwa siku moja au mbili. Nyeupe ya titani, nyeusi ya mifupa na nyekundu ya alizarini ni wavivu, na zikipakwa nene zinaweza kunata kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukikuta shina la mwembe limekauka na wingu bado linanata, huna ugonjwa, una papara. Subiri. Ukikuta kila mahali panashika ukucha sawasawa, kahawia kwa nyeupe, basi tatizo liko kwenye ulichozimulia.

Hilo la pili halina dawa ya kupaka juu. Ukifunika rangi isiyokauka kwa rangi nzuri, ile ya juu itakauka, ya chini itaendelea kutembea, na baada ya miezi utapata nyufa juu ya utelezi. Kijana wa pantoni tulimkwangulia anga lote kwa kisu cha paleti, tukafuta kwa tapentaini, tukaacha kitambaa kipumzike. Matokeo ya ligi yakaishia kwenye tambara. Aliumia, lakini kanvasi ilipona.

Na makunyanzi? Ukiona uso umejikunja kama maziwa yaliyopoa, umeweka mafuta mengi kwenye rangi nene. Juu kumeshika utando, chini bado ni bichi, utando unatanuka na kukosa pa kwenda. Acha kuongeza mafuta kwa kumimina. Chovya ncha ya brashi, inatosha.

Nyufa

Hapa lazima nikae kidogo, maana watu husema "kanvasi mbovu" halafu wanakwenda kununua nyingine na kurudia kosa lilelile.

Kanuni ya zamani ya kazi hii ni nyepesi: mkono wa chini uwe na mafuta machache, wa juu uwe na mengi zaidi. Mkono wenye mafuta mengi unakauka taratibu na kubaki laini. Wenye mafuta machache unakauka haraka na kuwa mgumu. Ukigeuza mpangilio, wa juu unakuwa mgumu huku wa chini bado unasogea. Ni sawa na kupiga sakafu ya saruji juu ya udongo ambao haujashindiliwa. Kwa vitendo: mchoro wa kwanza uzimue kwa tapentaini peke yake, mwembamba, unaokauka kesho. Unaofuata, rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu. Wa mwisho ndio wenye tone la mafuta ya kitani.

Umbo la ufa linasema jambo. Nyufa pana zenye kina, zinazoonyesha rangi laini ya chini kama matope yaliyopasuka, ni kosa hilo la mpangilio. Nyufa nyembamba zilizonyooka sambamba na ukingo wa fremu hutokana na kitambaa kujikunja juu ya ukingo wa ndani wa mbao ya fremu. Nyufa kama utando wa buibui zina kitovu: kuna mtu aliisukuma picha kwa kidole kutokea nyuma. Nimeziona hizi mara nyingi kwenye picha zilizosafiri kwa bodaboda.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaishuku, nyeupe ya zinki. Ni nzuri, baridi, safi, na ikikaa miaka inakuwa ngumu na kukatika kama kigae. Tyubu nyingi zilizoandikwa "nyeupe" tu ni mchanganyiko wa titani na zinki. Angalia msimbo mdogo nyuma ya tyubu: PW6 ni titani, PW4 ni zinki. Ukiona zote mbili, itumie kwa mguso mdogo juu ya hadibodi, siyo kwa anga zima juu ya kitambaa.

Na kama mteja wako anatundika picha ofisini, muulize kuhusu kiyoyozi. Kinawashwa Jumatatu mpaka Ijumaa na kuzimwa wikendi. Kitambaa kinakaza, kinalegea, kinakaza, kila wiki. Rangi ngumu haiwezi mazoezi hayo.

Pengine panang'aa, pengine pamefifia

Umechora kivuli cha mwembe, cheusi na kizito. Kesho yake kimekuwa kijivu kama jivu la jikoni. Rangi haijapotea, mafuta yake yamenyonywa na kilichopo chini.

Hapa ndipo mgongo wa picha unaposema. Ukiona nyuma ya kitambaa kuna madoa ya njano ya mafuta, jua hakikupakwa chochote kabla ya kuchora, au kimepakwa hafifu. Wengi wetu tunanunua amerikani ya Kariakoo, tunaiwamba kwenye fremu na kupiga rangi ya maji ya ukutani mkono mmoja. Nakiri nimefanya hivyo miaka mingi. Rangi ya ukutani ya bei ya chini ina chokaa nyingi na gundi kidogo, inanyonya kama mkate. Na kitambaa kikifikiwa na mafuta moja kwa moja, huoza taratibu, kikawa kahawia na kukatika kwa kukunjwa.

Jeso ya dukani, praima nyeupe ya wachoraji, ndiyo salama zaidi, mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukauke na upigwe msasa mwepesi. Ukikosa, anza na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikauke kabisa, ndipo upige praima ya maji iliyo nzuri. Kumbuka mpangilio: rangi ya mafuta inakaa juu ya praima ya maji bila ugomvi, lakini ya maji juu ya ya mafuta itabanduka.

Kwa picha iliyokwisha kufifia dawa ipo, na ni tamu kuitazama. Hakikisha imekauka. Chukua mafuta kidogo ya kitani kwenye kitambaa laini, pitisha juu ya sehemu iliyofifia, subiri dakika chache, kisha futa mpaka kitambaa kisichukue tena kitu. Kile kivuli cha mwembe kitafumbuka mbele ya macho yako, kijani na zambarau vilivyokuwa vimelala ndani yake vikiamka. Usiache mafuta yakisimama juu, yatageuka njano.

Kijani kinapiga kelele

Hii si kasoro ya kemia, ni ya macho, na kwa wachoraji wa mandhari ndiyo kasoro namba moja. Mtu anakamua kijani cha tyubu na kuchora minazi. Minazi inatoka kama ya plastiki.

Kaa chini ya mnazi saa 3 asubuhi utazame. Kuti ni gumu na linang'aa. Upande wake wa juu unachukua rangi ya anga, kwa hiyo pale jua linapopiga sana unaona bluu iliyopauka, karibu nyeupe, siyo njano. Njano ya kijani unaiona pale tu jua linapopenya kuti kutoka nyuma yake. Mwembe nao: majani makomavu ni kijani cheusi, machanga ni ya rangi ya shaba, yananing'inia kama matambara. Kama picha yako haina shaba hiyo wakati mwembe unachipua, hukutazama mti, umechora jina la mti.

Changanya kijani chako mwenyewe: bluu ya ultramarini, PB29, na njano ya udongo, PY42 au PY43. Kikiwa bado kina kiherehere, tia nyekundu kidogo au kahawia ya udongo. Paka kidogo kwenye karatasi, inyooshe mkono mzima mbele ya jani lenyewe, fumba jicho moja. Utacheka mara ya kwanza. Mimi nilicheka.

Kijani cha mbali kina sheria yake. Ukiwa Gongo la Mboto ukitazama vilima vya Pugu asubuhi yenye unyevu, msitu umekwisha kuingia bluu na kijivu. Mtu akiuchora kwa kijani kilekile cha mgomba ulio mbele yake, kilima kinamrukia usoni.

Uwanjani ilikuwa nzuri, nyumbani imeharibika

Niliwahi kukaa Kunduchi penye samaki tangu asubuhi, nimejibanza chini ya turubai la bluu alilofunga muuza supu. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Nyumbani, chini ya mwanga wa dirisha, mchanga wote ulikuwa wa chungwa na wavuvi kama wana homa ya manjano. Turubai lilikuwa linamwaga bluu juu ya kanvasi na paleti, nami bila kujua nilikuwa nafidia kwa kuongeza njano kila mchanganyiko.

Ukiona picha nzima imeegemea rangi moja, uliza mwanga uliokuwa juu ya kanvasi, usiulize rangi. Mwavuli uwe mweupe au kijivu. Ukuta wa kijani ulio nyuma yako hurudisha kijani. Shati jekundu hurudisha wekundu. Na kama picha nzima imetoka nyeusi kuliko ulivyokusudia, ulichora jua likipiga kanvasi moja kwa moja: kila kitu kilionekana cheupe, ukakitia giza. Geuza kanvasi iwe kivulini, hata kama wewe mwenyewe unaungua.

Halafu kuna suala la saa. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa 6 na kitu mchana, nguzo haina kivuli. Miezi mingine hali si nzuri sana pia. Picha ya mchana inatoka bapa si kwa sababu hujui kuchora, ila hakuna kivuli cha kuonyesha umbo. Saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni, ndizo saa zetu. Katikati kunywa chai.

Bahari haieleweki

Malalamiko mawili, na yote mteja huyaona kabla ya mchoraji.

La kwanza: ngalawa inaelea hewani. Mara nyingi ulianza kuichora maji yakiwa yamepwa, imelala ubavu juu ya mchanga, ukamaliza maji yakiwa yamejaa. Kwenye picha kuna nusu ya kila moja. Wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa saa 6 na dakika chache tu. Siku hizo hupwa sana katikati ya asubuhi. Wakati wa maji mafu mabadiliko ni madogo na una nafasi ya kupumua. Muulize mvuvi yeyote kabla hujafungua tyubu. Atakuambia bila kuangalia simu. Ukishachagua mstari wa maji, uchore kwanza, kabla ya chombo, na usiuhamishe hata bahari ikihama.

La pili nimeliona kwenye kuta nyingi za hoteli: jua likizama baharini, na chini pameandikwa Coco Beach. Coco inatazama mashariki. Jua pale linachomoza kutoka baharini na kuzama nyuma ya mgongo wako, juu ya majumba. Ukitaka machweo juu ya maji nenda upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, unaotazama ghuba, au vuka na pantoni usimame Kigamboni uangalie mjini. Mtalii huenda asijue. Mtu wa Dar anajua kuna kitu kimekosewa hata kama hawezi kukitaja.

Na machweo hayohayo, ukiyachora kwa nyekundu ya alizarini ya zamani, PR83, yatapauka. Hiyo rangi haivumilii mwanga, hasa ikipakwa nyembamba au kuchanganywa na nyeupe. Chumba chenye madirisha makubwa kitaila. Tafuta nyekundu yenye alama ya kudumu kwenye tyubu.

Vitu vya mezani

Chungu kinaonekana kinaanguka? Angalia mdomo na tako. Ukikitazama kwa juu kidogo, mdomo ni duara lililobanwa, na tako nalo ni duara lililobanwa, ila lililo chini zaidi linakuwa la mviringo zaidi. Watu wengi huchora mdomo wa mviringo na tako la mstari ulionyooka kwa sababu wanajua chungu kimekaa mezani. Jicho halijui hilo.

Embe dodo halikusubiri? Hilo si tatizo la rangi, ni ratiba. Kinachooza kwanza kichorwe kwanza. Jicho la samaki aina ya changu hupoteza uhai wake ndani ya muda mfupi katika joto hili. Lichore kabla hujachora sahani. Papai lililokatwa hukauka uso na kubadilika. Vibuyu, vyungu na sufuria vitakungoja mpaka mwakani. Nanunua maembe mawili ya mkungu mmoja, moja la kuchora na moja la kubadilishia. Familia huwa inakula yote mawili nikigeuza mgongo.

Rangi za usiku zimebadilika mchana? Taa ya nyumbani inadanganya, tena kila taa kwa uongo wake. Ukianza na mwanga wa dirisha, acha jua linapokwenda. Usimalizie kwa taa.

Kila kitu kimekuwa matope? Brashi moja kwa rangi zote, tapentaini ile ya juzi. Shika brashi tatu, ya mwanga, ya kati na ya kivuli. Basi.

Ukungu, kulegea, wadudu

Vitone vyeusi au vya kijivu nyuma ya kitambaa, harufu ya chumba kilichofungwa: kuvu. Picha ilitundikwa kwenye ukuta wa nje unaolowa masika, imegusana nao. Itoe, ikaushe penye upepo bila jua kali, vaa barakoa, futa vumbi lake nje ya nyumba kwa brashi kavu. Kabla ya kuirudisha gundisha vipande vya kizibo kwenye kona za nyuma ili hewa ipite.

Kanvasi iliyolegea masika usiilowanishe maji kwa nyuma, ingawa utaona inakaza. Inakaza kwa saa chache na kuumiza rangi. Gonga kabari za kona taratibu. Fremu haina kabari? Mwambie seremala wa Keko akutengenezee yenye nafasi za kabari, kwa mbao iliyokauka. Paini mbichi itajipinda na picha yako itakaa ukutani kama kiti chenye miguu mitatu. Ukiona unga laini sakafuni chini ya picha, hiyo ni bungua, fremu inaliwa. Hamisha picha kwenye mbao iliyotiwa dawa kabla hawajahamia kwa jirani yake.

Picha nyeupe iliyokaa kabatini na kugeuka njano, usiifute wala kuipaka. Mafuta ya kitani hugeuka njano gizani, na sehemu kubwa ya njano hiyo huondoka ukiiweka wiki chache kwenye mwanga wa dirisha, mbali na jua la moja kwa moja.

Vanishi imegeuka maziwa

Umepaka siku ya mvua. Unyevu umenaswa ndani ya vanishi. Au picha haikuwa imekauka. Kwa picha ya unene wa kawaida mimi nasubiri miezi 6 na hata zaidi, mteja anung'unike. Paka siku kavu ya kiangazi, saa za mchana, picha yenyewe iwe imepata joto la chumba na si imetoka kwenye kiyoyozi. Vanishi iliyopauka huondolewa kwa kiyeyusho chake na kupakwa upya, lakini jaribu kona kwanza, maana kiyeyusho hakitofautishi vanishi na rangi changa.

Matambara yanapata moto

Ukigusa ndoo ya matambara ukakuta ina joto, usijiambie ni hali ya hewa. Mafuta ya kitani yakivuta oksijeni hutoa joto, na kwenye tambara lililofinyangwa joto halina pa kutokea. Linaweza kushika moto lenyewe, bila kiberiti, bila mtu chumbani. Mimi niliwahi kukuta la kwangu linafuka saa 9 usiku kwa sababu tu mbwa wa jirani alibweka nikaamka. Tangu hapo tambara lenye mafuta silifungi kwenye mfuko wa plastiki. Nalitandaza moja moja kwenye waya nje mpaka likauke na kuwa gumu kama kadi, au nalizamisha kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Kopo linakaa uani, mbali na mlango wa jikoni.